Meza imejaa, nani atakula mwisho?

  

Ndugu msomaji, suala ninalotaka tulitafakari katika makala hii linaonekana dogo. Ni suala la meza ya chakula katika sherehe zetu. Tumezoea kuuliza kama nyama imechinjwa kisheria na kama hapana kilevi. Tukijibiwa vizuri, tunasema Bismillah na kula. Swali langu ni hili: Je, chakula kikiwa halali, basi karamu nzima nayo imekuwa njema? Au ipo haki nyingine inayohusu nani anaitwa, nani anatangulia na nani anakuta masufuria yamekwisha kukombwa?

Sikulipata suala hili kitabuni. Mimi mwenyewe nimeanguka ndani yake, na nilianguka huku nikiwasomesha watoto Hadith zinazolihusu. Kwa hiyo msomaji asidhani kuwa naandika kuwanyooshea wengine kidole.

Tulivyoiandaa meza

Naishi na kusomesha Tosamaganga, mkoani Iringa, jirani na Kalenga ilipokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa. Ni kijiji kilichokua kuizunguka misheni ya Kikatoliki. Wamisionari wa Consolata kutoka Italia walifika Iringa mwaka 1919, na mpaka leo kanisa kubwa, hospitali na shule ndivyo mgeni anavyoviona kwanza. Waislamu tupo, lakini tu wachache. Jirani yako wa kulia ni Mkatoliki na wa kushoto pia, na ndio watakaokusaidia siku ya msiba na siku ya harusi.

Mwezi wa saba, mwaka juzi, mdogo wangu alioa. Familia ikanikabidhi mimi chakula cha walima. Walisema, "Wewe ndiye ustadhi, usituletee mambo ya shubha." Kamati ikaundwa kama ilivyo ada ya siku hizi. Kadi za mchango zikachapishwa: ya mtu mmoja shilingi 30,000, ya watu wawili shilingi 50,000. Aliyechanga akapata kadi ya kuingilia.

Mpwa wangu alikuja kutoka Dar es Salaam akiwa na picha katika simu yake. Zilionesha meza ndefu iliyofunikwa chakula kutoka pembe hadi pembe, bila sahani kubwa kutengana na nyingine: matunda yamekatwa, mikate imepangwa, jibini, karanga, tende na vitafunio, vyote vimegusana kama maua ya bustani. Meza za namna hii zilienea sana katika miaka ya 2010 kwa njia ya picha za mitandaoni. Akanieleza kuwa kwa Kiingereza jina lake linatokana na malisho ya mifugo: watu wanapitapita na kudokoa, kidogo hapa kidogo pale, kama ng'ombe anavyotembea huku akila majani. Alisema, "Mjomba, hakuna foleni ya kushika sahani, kila mtu anajichotea anachokipenda."

Nikavutiwa, tena sana. Nikaona hii ndiyo nafasi ya kuonesha kuwa hata Waislamu wa kijijini tunaweza kufanya jambo likapendeza. Na ukweli ni kwamba nyanda zetu hizi za juu kusini zina kila kitu. Tulipata nyanya za Ilula na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni. Ndizi zilitoka Tukuyu, parachichi na matufaa yakatoka Njombe. Mchele ulitoka Kyela, samaki wa kukaanga wakatoka Mtera, na chai ilikuwa ya Mufindi. Tende na korosho tulinunua mjini Iringa. Akina mama wakapika sambusa, kachori, bagia, vitumbua na kaimati. Pilau na mchuzi wa kuku vikawekwa mwisho wa meza.

Meza yenyewe ilikuwa mbao nane za paini tulizoazima kwa fundi, tukazilaza juu ya madawati na kuzifunika kwa mashuka meupe. Ilikuwa na urefu wa hatua kumi na mbili. Mpwa wangu akanifundisha kuipanga. Vitu vikubwa vinawekwa kwanza ili vishike nafasi: vikapu vya mikate, mabakuli ya kachumbari, mafungu ya ndizi. Kisha vya kati, halafu mianya inajazwa kwa korosho, tende na vipande vya matunda, mpaka shuka lisionekane. Parachichi hukatwa mwisho na kupakwa ndimu lisigeuke jeusi. Vya kukaangwa huwekwa mbali na matunda, visichukue unyevu vikalainika.

Katika halali sikufanya mchezo. Ng'ombe na kuku walichinjwa mbele yangu. Jibini niliuliza limetengenezwa na nini. Pipi laini za watoto nilizirudisha dukani kwa sababu ya gelatini, sikujua imetokana na mnyama gani. Nilitangaza kuwa ulanzi usisogezwe hata karibu na uzio. Nikasimama mbele ya meza ile na kujiambia, Alhamdulillah, hapa hapana shubha.

Yaliyotokea

Ratiba niliiandika kwa mkono wangu, na nakala yake bado ninayo. Kwanza meza kuu: maharusi, wazee wa pande mbili, mashekhe na mgeni rasmi. Pili wageni kutoka Iringa mjini na Dar es Salaam. Tatu wenye kadi wengine. Nne, niliandika maneno haya: "wapishi, watoto na wengineo". Mlangoni niliweka vijana wawili wa kukagua kadi.

Wa kwanza walijaza sahani kama watu wanaofunga safari. Hilo ni tabia ya meza ya kujichotea: kwa kuwa huoni wa nyuma yako, na hujui kama utarudi, unabeba cha sasa na cha baadaye. Mtu anaweka sambusa nne, vipande vya kuku vitatu, samaki, pilau na tikiti juu yake. Anakula nusu, nusu inabaki. Kundi la tatu lilipofika, kuku alikuwa amekwisha. Kundi la nne lilipoitwa, ilikuwa saa kumi na moja na nusu jioni, na baridi ya Julai imeanza kushuka.

Walikuta nini? Majani ya saladi yaliyopangiwa urembo, maganda ya tikiti, ndizi chache, ukoko wa pilau na mchuzi usio na nyama. Akina mama walioamka saa tisa usiku kuwasha mafiga wakajigawia ukoko. Watoto waliokuwa wamesimama nje ya michongoma tangu adhuhuri wakapewa ndizi nusu nusu.

Kulikuwa na mzee mmoja, jirani yetu, Mkatoliki. Kwa siku mbili alikuwa amepasua kuni zote zilizopika chakula kile, na alikataa malipo, akisema harusi ya jirani ni harusi yake. Kadi hakuwa nayo, kwa kuwa hakuchanga fedha. Vijana wangu walimzuia mlangoni, naye hakubishana nao. Nilimkuta jioni ameketi juu ya gogo, shoka liko pembeni.

Nikamwambia, "Kamwene baba. Shikamoo. Umepata chakula?"

Akajibu, "Marahaba mwalimu. Tumeshakula kwa macho, inatosha. Meza yenu ilikuwa nzuri sana."

Hakusema kwa kejeli. Alikuwa anaisifu meza kwa dhati, na ndiyo maana jibu lake liliniuma.

Wakati huo huo mabaki kwenye sahani za wageni yalijaza ndoo tatu. Chakula kilichokwisha kushikwashikwa na kuchanganywa na mifupa hakiwezi kumrudia mtu. Akaja jirani mwingine kuomba zile ndoo kwa ajili ya nguruwe wake. Tukampa, kwani ingekuwa bora zimwagwe? Lakini fikiri, ndugu msomaji. Pilau ile niliyoilinda na shubha kwa siku tatu ilifika kwenye banda la nguruwe kabla haijamfikia mtu aliyeipasulia kuni.

Je, meza ndiyo yenye kosa?

Wapo watakaosema kwa haraka kuwa tatizo ni kuiga. Tungekaa mkekani na kula kwenye sinia kama walivyofanya wazee wetu wa pwani, haya yasingetokea. Mimi nakubali kuwa sinia lina hekima kubwa. Watu wanne au watano mkikaa kulizunguka, kila mmoja anamwona mwenzake anavyokula, na mwenye pupa anaona haya. Lakini hata kwenye sinia nimeshuhudia nyama zote zikienda kwenye sinia la wakubwa.

Tena haifai kuharamisha ambacho Allah (s.w) hakukiharamisha. Qur'an (24:61) inatufahamisha kuwa hapana ubaya tukila pamoja au tukila mbalimbali. Na tukitafuta katika Sira, tutaikuta karamu inayofanana kwa sura na meza ile ya mpwa wangu. Anas bin Malik (r.a) amesimulia, katika Hadith aliyoipokea Imam Bukhari, walima wa Mtume (s.a.w) alipomuoa Bibi Safiyya (r.a) njiani baina ya Khaybar na Madina. Hapakuwa na mkate wala nyama. Zilitandikwa ngozi chini, zikamwagwa tende, maziwa makavu na samli, na Waislamu wakaalikwa kula. Katika mapokezi mengine, aliyekuwa na kitu chochote alikileta na kukiweka hapo.

Basi kutandaza vyakula vidogo vidogo mahali pamoja na kila mtu akachukua si jambo geni katika Uislamu. Tofauti ya ngozi zile na mbao zangu za paini ni hii: pale aliyekuwa na kitu alileta, na asiyekuwa nacho alikula. Kwangu mimi asiyekuwa na kitu alisimama nje ya uzio. Kwa hiyo meza haina kosa. Kosa lilikuwa katika ile ratiba.

Mambo matatu tunayoyasahau

Kwanza ni nani anaitwa. Imepokewa na Abu Huraira (r.a), katika Bukhari na Muslim, kwamba chakula kibaya kuliko vyote ni cha walima ambao matajiri wanaalikwa na masikini wanaachwa. Tuzingatie kuwa ubaya uliotajwa hapo haukuhusishwa na aina ya nyama wala namna ya kuchinja. Chakula chenyewe kinaweza kuwa safi kabisa, na bado kikaitwa kibaya kwa sababu ya mlango wake. Hadith hii nimeisomesha miaka mingi na nimeitungia maswali ya mtihani. Siku niliyochapisha kadi sikuikumbuka.

Pili ni nani anatangulia. Hapa kisa cha Abu Huraira (r.a) mwenyewe kinatosha, nacho kimo katika Bukhari. Alikuwa na njaa kali mpaka akafunga jiwe tumboni, akaketi njiani akitaraji mtu atamtambua. Mtume (s.a.w) akapita, akaiona hali yake usoni, akamchukua nyumbani. Mlikuwa na bakuli la maziwa lililoletwa kama zawadi. Badala ya kumpa, akamtuma awaite Ahlu Suffa, wale masikini waliokuwa wakiishi msikitini. Abu Huraira hakuficha kuwa alisononeka: maziwa yale yatawatosha nini watu wote hao? Lakini alitii, akawanywesha mmoja mmoja mpaka wakatosheka wote. Ndipo Mtume (s.a.w) akamnywesha yeye hadi akasema hana tena nafasi tumboni, kisha yeye mwenyewe, mwenye nyumba na kiongozi wa umma, akanywa kilichobaki. Na katika Sahihi Muslim imekuja kuwa anayewanywesha watu huwa ndiye wa mwisho kunywa. Sisi mgawaji ndiye anayeficha paja la kuku chini ya meza.

Kuhusu wapishi, Mtume (s.a.w) ameelekeza kuwa mtumishi anapokuletea chakula, umkalishe ule naye. Kama huwezi, basi umpe japo tonge moja au mawili, kwa kuwa ndiye aliyevumilia joto lake na taabu ya kukiandaa. Hadith hii imo katika Bukhari na Muslim. Kwa lugha ya Tosamaganga, ni yule mama mwenye macho mekundu ya moshi na yule mzee mwenye shoka. Hawa haki yao inatoka jikoni kabla chakula hakijafika mezani.

Tatu ni namna ya kuchukua. Umar bin Abi Salama (r.a) alikuwa mtoto akilelewa na Mtume (s.a.w). Anasimulia kuwa mkono wake ulikuwa ukizungukazunguka katika sahani, ndipo Mtume (s.a.w) akamfundisha kumtaja Allah, kula kwa mkono wa kulia na kula kilicho karibu naye. Mkono unaozunguka ndio hasa tabia ya meza ya malisho. Na katika kisa hicho tusipitwe na jambo moja: mtoto yule alikuwa amekaa sahani moja na Mtume wa Allah (s.a.w). Hakusimama nje ya michongoma akisubiri wakubwa wamalize.

Qur'an (47:12) inawataja waliokufuru kuwa wanajistarehesha na kula kama wanavyokula wanyama. Ng'ombe hafanyi dhambi kwa kula kwake. Lakini ng'ombe anapokula haulizi wa nyuma yake atakula nini, wala hamkumbuki aliyemfungulia zizi. Mwanadamu akila hivyo, ameiacha sehemu ya utu wake mezani, hata kama nyama ilichinjwa kwa Bismillah.

Hoja za upande wa pili

Nimezungumza na watu wengi juu ya jambo hili, na hoja zao si za kupuuzwa.

Hoja ya kwanza inasema: aliyechanga ana haki kuliko asiyechanga. Bila michango hapana sherehe, na mlango ukiwa wazi mji mzima utaingia. Ni kweli kuwa aliyetoa ana haki ya kukirimiwa. Lakini michango tunaipokea kama msaada kwa maharusi au tunauza tiketi? Kama ni msaada, basi yule mzee naye alichanga, tena siku mbili za mgongo wake. Tumezoea kuhesabu mchango unaopita kwenye simu tu, na mchango wa jasho hatuuandiki daftarini.

Hoja ya pili ni heshima ya mgeni. Anayetoka mbali hawezi kusubirishwa nyuma ya watoto. Hoja hii ni nzito, kwa sababu kumkirimu mgeni ni katika imani. Lakini wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa kweli ujio wake ni neema kwa walio wadogo katika nyumba. Akija yeye wakalala na njaa, mwenyeji amepona wapi? Tena kumheshimu mgeni hakuhitaji wengine wakose. Kunahitaji kipimo.

Hoja ya tatu ni kuwa watoto wataiharibu meza. Wataiharibu kweli. Ndiyo maana watoto hawaachiwi wajichotee. Wanagaiwa, wakiwa wamekaa, na mtu mzima akiwa nao.

Kwa nini hili ni kubwa kwetu

Huenda msomaji wa mjini akasema namkuzia mdudu awe tembo. Basi aangalie mkoa wetu. Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma ni mikoa iliyosifika kwa miaka mingi kuwa ghala la chakula la Tanzania. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionesha kuwa Iringa ndiyo iliyoongoza nchini kwa udumavu: karibu watoto 57 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa na urefu pungufu kwa umri wao. Wastani wa taifa ulikuwa 30. Njombe, yenye parachichi na matufaa, ilikuwa na kama 50.

Sababu zake ni nyingi. Mama anashinda shambani na mtoto anakula mara chache kwa siku. Uji ni wa mahindi matupu, na yai na maziwa vinapelekwa sokoni. Sisemi kuwa udumavu umeletwa na harusi. Ninachosema ni kwamba mtoto kula mwisho, na kula kisicho na lishe, ni mazoea tuliyo nayo nyumbani siku za kawaida. Siku ya sherehe tunayapamba kwa mashuka meupe. Mahali penye mavuno mengi kama hapa, udumavu hauwezi kuelezwa kwa uhaba wa chakula peke yake. Tujiulize pia chakula kinaelekea wapi na kinamfikia nani kwanza.

Na upotevu si wa kwetu peke yetu. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula katika majumba, migahawa na maduka, yaani kama asilimia 19 ya chakula kilichowafikia walaji. Qur'an (7:31) inatuamrisha tule na tunywe bila ya kufanya israfu, na katika (17:27) wafujaji wameitwa ndugu wa mashetani. Ndoo zangu tatu zimo katika hesabu hiyo.

Tulipojaribu tena

Mwaka huu mdogo wangu alijaaliwa mtoto wa kike. Kwa akika akanikabidhi tena chakula. Nikamwomba mpwa wangu aipange meza ile ile, kwa kuwa sikuona sababu ya kuichukia. Lakini tulibadilisha mambo matano.

Moja, hapakuwa na kadi. Tulipiga hesabu ya watu wa mtaa wetu wote, Waislamu na Wakristo, tukapika kwa idadi hiyo. Tulipunguza aina za vyakula kutoka kumi na nane hadi tisa. Mbili, sahani za wapishi, wapasua kuni na wachota maji zilitengwa na kufunikwa kabla chochote hakijatoka jikoni. Tatu, watoto walikaa mikekani na kugaiwa kwanza: nyama, yai, parachichi na tunda. Nne, nyama haikuwekwa mezani. Iligaiwa na mtu mmoja kwa kipimo sawa, na meza ikabaki na vile ambavyo mtu akizidisha hamdhulumu mwenziwe sana. Tano, tulitumia sahani ndogo, na kila mtu aliambiwa kuwa anaweza kurudi.

Mabaki hayakufika nusu ndoo. Yule mzee wa kuni alikaa na wazee wa familia na akala kwa mikono miwili, kama tusemavyo. Tukio kama hili nalo lina mfano wake: Abdullah bin Amr (r.a) alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake alikazana kuuliza kama jirani yake Myahudi amepelekewa nyama, akikumbuka jinsi Mtume (s.a.w) alivyousiwa juu ya jirani.

Hata hivyo sitaki kumdanganya msomaji kuwa kila kitu kilikwenda vizuri. Mmoja wa wajomba zetu, mtu mzima aliyetoka mbali kwa basi, alisubiri dakika arobaini wakati watoto wanagaiwa. Alikasirika. Aliniambia mbele za watu, "Umenifundisha leo kuwa mimi ni mdogo kuliko watoto wa mtaani." Akaondoka kabla ya dua. Nimempigia simu mara mbili kumwomba radhi, na bado hajaridhika. Nimejiuliza kama nilimvunjia haki yake. Nadhani nilikosea kutomwekea chai na kitafunio alipofika, maana msafiri naye ni katika wanaostahiki. Lakini kanuni yenyewe sioni kama ilikuwa na kosa. Tukigeuza utaratibu wowote wa dhulma, yuko atakayehisi amenyang'anywa, na wakati mwingine huwa ni mtu tunayempenda. Tumuombe radhi kwa adabu, bila ya kuurudisha utaratibu wa zamani.

Nasaha

Ndugu zangu, tusiache kusherehekea. Walima ni sunna, akika ni sunna, na kuipamba meza ni katika kuzionesha neema za Allah (s.w). Lakini kamati inapokaa, kabla ya kujadili rangi ya mashuka, ianze na swali moja: mtu wa mwisho kula katika sherehe hii ni nani, na atakuta nini? Jina lake liandikwe kwenye daftari na sahani yake ihesabiwe. Ikiwa sahani hiyo haitoshi, basi tupunguze sambusa za meza kuu.

Kamati isipouliza swali hilo, huenda likaja kuulizwa Siku ya Kiyama, siku ambayo kwa mujibu wa Qur'an (102:8) tutaulizwa juu ya neema. Na mashahidi wengine huenda wakawa ni wale tuliowaacha nje ya uzio, wakila kwa macho.

Wabillahi tawfiq.